Pima Kumi na Mbili, Mlango wa Rusinga

Nilitoka Kisumu alfajiri kwa matatu ya Bondo, nikashuka Ndori, bodaboda ikanifikisha Luanda Kotieno. Feri ya Mbita ilikuwa imeshaondoka. Mvuvi mmoja mzee akakubali kunivusha kwa mashua yake ya injini.

Nilikuwa nimefuata jambo moja: kusikia wavuvi wanavyoyaita maeneo ya chini ya Ziwa Victoria. Kazi yangu ni ramani, na habari za bahari kuu hazinipiti. Mradi wa Seabed 2030 ulipoanza mwaka 2017, ni kama asilimia 6 tu ya sakafu ya bahari za dunia iliyokuwa imepimwa sawasawa. Sasa ni robo na kidogo.

"Jaduong', mzee wangu, hapa ni pima ngapi?"

Akazima injini, akatosa jiwe lililofungwa kamba ya nailoni. Lilipogusa chini akalivuta, akiinyoosha kamba kwa mikono yote miwili, pima baada ya pima. "Kumi na mbili." Jiwe lilirudi na tope jeusi, akalisugua kwa kidole gumba, akalinusa. "Hapa tope tupu. Pale mbele kuna mwamba, unararua nyavu." Mwamba huo una jina, la mvuvi aliyezama pale zamani.

Mabaharia wa meli ya Challenger walipima hivyohivyo magharibi mwa Pasifiki mwaka 1875, kwa kamba na uzito, wakapata pima 4,475, yaani zaidi ya mita 8,000. Shimo la huko, lenye karibu mita 11,000, linaitwa Challenger mpaka leo. Ziwa letu halizidi sana mita 80.

Siku hizi majina ya bahari kuu hupitia kamati ya kimataifa: unajaza fomu, unaambatisha vipimo, na jina la mtu aliye hai kwa kawaida halipiti. Lakini tazama safu ya milima ya Carlsberg chini ya Bahari ya Hindi. Imeitwa kwa wakfu wa kiwanda cha bia cha Denmark, uliogharimia msafara wa meli ya Dana, 1928 hadi 1930. Anayepima ndiye anayeita. Hapo ndipo ninapoumia: wavuvi hawa wamepima maisha yao yote, na ramani iliyo kwenye simu yangu inaonyesha buluu tupu.

Nikaandika kila jina alilonitajia, na mahali pake. Nilipouliza majina ya upande wa kisiwa cha Mfangano akatikisa kichwa.

"Hayo si yangu kukutajia. Nenda Sena, hukohuko Mfangano, waulize wenyewe."

Asubuhi yake nikapanda boti ya Sena.