Kadi ya waifai haikuwa imekufa

Ukiambiwa kadi ya waifai ya laptopu yako imekufa, usitoe hela kabla hujaizima na kuiwasha kadi hiyo mwenyewe.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Tandahimba. Msimu wa korosho ukianza Oktoba sina mchana wala usiku: magunia yanapimwa, mimi naingiza kilo kwenye laptopu na kuzituma chama kikuu kabla ya mnada. Msimu uliopita, kila nikiifunika laptopu kwenda kuangalia mzani, nikirudi na kuifunua waifai hamna. Orodha ya mitandao tupu, na simu yangu hapo hapo mezani imeshika ruta ile ile vizuri kabisa. Nikizima mashine yote na kuiwasha, inarudi. Wakulima wako kwenye benchi wananisubiri.

Nikapanda basi hadi Mtwara mjini. Fundi akaniambia, "Dada, hiyo kadi imekufa, ila tujaribu kwanza kupiga Windows upya." Kama elfu thelathini hivi, nauli mbali. Dukani ikashika. Nikaifunika, nikapita nayo Nanyamba hadi nyumbani, nikaifunua: hamna. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Usiku ule ndipo nilipowaza: kitu kilichokufa kinafufukaje kwa kuzimwa na kuwashwa? Hii kadi inalala pamoja na mashine, halafu haiamki. Kesho yake ilipogoma sikuizima laptopu. Nikabofya kulia alama ya Windows, nikaingia Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, nikaitafuta kadi kwenye Network adapters, nikaipiga Disable (kuizima), kisha Enable (kuiwasha). Sekunde chache tu, mitandao yote ikajipanga! Nikaifunika tena makusudi, nikaifunua, ikagoma; nikarudia, ikashika. Mara tatu, ili nisijidanganye. Basi nikafungua Properties za kadi hiyo, upande wa Power Management, na hapo nikakuta tiki inayoiruhusu kompyuta kuikatia kadi umeme ili kubana betri. Nikaitoa tiki hiyo. Nikaifunika laptopu, nikaenda kuswali adhuhuri, nikarudi. Imeshika yenyewe. Niliita watu waje waone.

Siku zile za kuhangaika, kilo nilizituma kwa kuchomeka simu na waya wa chaji na kuigawia laptopu intaneti kupitia USB. Waya usiwe wa chaji tupu, uwe unaopitisha data.

Karani mwenzangu wa Newala alikuwa na tatizo lile lile, lakini laptopu yake ni ya karibuni na huo upande wa Power Management haupo kabisa. Mashine nyingi mpya ziko hivyo. Yake tuliipakulia draiva ya waifai, yaani programu inayoendesha kadi hiyo, kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yenyewe, tukaweka, tukawasha upya. Jana usiku aliifunua na kunitumia kilo zake papo hapo, na laptopu alikuwa ameifunika tangu magharibi.