Jumamosi saa tisa alasiri

Jumamosi ikifika saa tisa alasiri, mume wangu, mzee wangu, anakaa kwenye kiti cha dirishani, simu mkononi, televisheni imezimwa. Arsenal wanacheza London, mwendo wa saa moja na dakika chache kwa treni kutoka hapa Leicester, lakini mechi hatuioni. Anayeiona ni mdogo wangu aliye Morogoro, kwenye banda umiza, kibanda cha kulipia kutazama mpira, na ndiye anayetutangazia.

Nyumbani watu hawaamini nikiwaambia. Uingereza kuna zuio la kuonyesha mpira moja kwa moja Jumamosi, kuanzia saa nane na dakika 45 mchana hadi saa kumi na moja na robo. Lilianza miaka ya 1960, na aliyelipigania sana ni Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley. Hofu yake ilikuwa kwamba mtu akitazama mechi kubwa sebuleni hatatoka kwenda kulipa kiingilio kwa timu ndogo ya mtaani kwake. Mzee wangu analilalamikia kila wiki. Mimi naliunga mkono, na sababu yangu haihusu timu ndogo. Mdogo wangu alikuwa mtu wa kupiga simu kukiwa na msiba au ada ya shule. Siku hizi ana shughuli nasi kila Jumamosi, na mpira ukitoka nje au mchezaji akilala chini, anapata nafasi ya kuniambia goti la mama linaendeleaje, mvua imenyesha kiasi gani, binti wa jirani ameolewa wapi. Bao likifungwa nasikia banda zima linalipuka kabla yeye hajatamka neno, na mzee wangu anabaki kuuliza, "Nani? Nani kafunga?"

Wakati wa kiangazi cha huku, saa tisa yetu ni saa kumi na moja kwao. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zikirudishwa nyuma, inakuwa saa kumi na mbili, giza linaingia na mbu wanaanza kazi. Lakini mdogo wangu hajawahi kukosa.

Tumestaafu sote wawili. Mimi nilikuwa mhudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwenzangu alikuwa akiendesha foklifti ghalani. Miaka yote ile tulikuwa tunapishana mlangoni, mmoja akitoka zamu ya usiku na mwingine akienda ya asubuhi. Usiku wa tarehe 2 Mei 2016, Tottenham walipotoka sare na Chelsea na Leicester City kuwa mabingwa wa England, nilikuwa zamu. Niligeuza mgonjwa upande huku honi zikilia mji mzima, na bibi yule akaniambia nifungue dirisha asikie. Mume wangu alikuwa barabarani na umati. Habari za furaha ile tulisimuliana baada ya siku mbili.

Kwa hiyo sasa kila shughuli tunaifanya pamoja, hata isiyohitaji watu wawili. Kadi zetu za basi la bure zinaanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, na saa hiyo kituoni utatukuta tumeshasimama. Jumatatu ni duka la dawa, vidonge vyake vya presha na vyangu vya sukari. England ukifikisha miaka 60 dawa za kuandikiwa na daktari hulipii. Jumanne ni kufua na maktaba.

Jumatano ni mpira wa kutembea. Mchezo huu ulianzia Chesterfield mwaka 2011, kwa ajili ya wazee ambao magoti yamechoka lakini roho bado iko uwanjani. Hairuhusiwi kukimbia; ukikimbia ni faulo. Hairuhusiwi kukumbana. Usidhani ni mchezo wa kupoteza muda. Mtu asiyeweza kumshinda beki kwa mbio inabidi amshinde kwa pasi, na mzee wangu, ambaye ujanani alikuwa winga wa mbio tu, ameanza kujifunza kupiga pasi akiwa na miaka 68. Nakaa pembeni na chupa ya chai. Jumatano moja alitoa pasi ya kisigino, mwenzake akamalizia, na alivyogeuka kunitafuta kwa macho nilimwona yule kijana niliyekutana naye Morogoro.

Alhamisi kwa kawaida mvua.

Ijumaa tunakwenda Belgrave Road, barabara ya Wahindi, kununua bamia, mchicha na muhogo. Wao muhogo wanauita mogo, na neno hilo wamelitoa kwetu. Wengi walikuja hapa mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Halmashauri ya mji huu ilitangaza kwenye gazeti la Uganda Argus ikiwaomba wasije Leicester. Walikuja hata hivyo, na leo mji huu huwezi kuusimulia bila wao.

Mmoja wao ni rafiki yetu mkubwa. Tunamwita Mzee wa Jinja. Alitoka huko akiwa na miaka 19 na sanduku moja. Kiswahili chake ni cha dukani, cha zama zile: "Mama, mogo mpya iko, chukua." Siku ya kwanza kunisalimia kwa Kiswahili nilisimama pale na kikapu changu nikashindwa kujibu. Siku hizi akifunga hesabu zake anakuja kwetu kunywa chai, na wanaume wawili hao wanabishana mpira mpaka usiku.

Ndani ya nyumba yetu kuna watani wa jadi. Mimi Wananchi, yaani Yanga, yeye Mnyama, yaani Simba. Mwaka 2023 Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tulifungwa 2-1 na USM Alger nyumbani, tukaenda kushinda 1-0 Algiers, kombe likaenda kwao kwa bao la ugenini. Nililia. Mzee wangu hakunitania. Alileta chai, akakaa kando yangu kimya. Miaka miwili baadaye Simba walipokosa kombe hilo hilo mbele ya Berkane ya Morocco, baada ya sare ya 1-1 Zanzibar, ilikuwa zamu yangu kuchemsha chai.

Watu hutuuliza kwa nini hatujarudi. Pensheni yetu inaingia kila wiki nne, na kila Aprili huongezeka. Tukihamia Tanzania itaendelea kulipwa, lakini itaganda pale pale ilipo miaka yote, kwa sababu hakuna mkataba kati ya nchi hizi mbili. Kutembea ni ruhusa, kuhamia ndiko kunakoigandisha. Tumepiga hesabu hiyo usiku mwingi na hatujaimaliza.

Lakini 2027 tutakwenda. AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, itachezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na fedha ya nauli naiweka kwenye kijumbe cha akina mama wenzangu, tunachangiana na kupokea kwa zamu. Ijumaa iliyopita mzee wangu alikuwa anamweleza Mzee wa Jinja mipango yetu, uwanja wa Mkapa Dar es Salaam, kisha labda uwanja wa Namboole.

"Namboole iko wapi?" akauliza.

Mzee wangu akamwambia: ukitoka Kampala, barabara ya kwenda Jinja.

Alinyamaza muda mrefu. Tangu 1972 hajakanyaga Uganda. Kisha akasogeza kikombe, akauliza kama hicho kijumbe changu kinapokea wanaume.