Msimu mpya wa Hallé, zamu za usiku na shoga yangu wa Mombasa

Kijitabu cha msimu mpya kimefika Jumatatu. Kipo juu ya meza ya jikoni, kando yake ratiba ya zamu, na mwenzenu nimekaa na kalamu mbili: nyekundu ya zamu za usiku, bluu ya muziki. Wengine hufungua kijitabu wakatazama nani anapiga nini. Mimi naanza na tarehe. Tarehe ikishaingia nyekundu, hata Beethoven afufuke aje kupiga piano mwenyewe, mimi nitakuwa kazini Salford nageuza wazee vitandani.

Kwa wageni wa hapa: Hallé ni orkestra ya Manchester, na imepewa jina la mtu. Charles Hallé alizaliwa Hagen, Ujerumani, akiitwa Karl Halle, akawa mpiga piano Paris, mapinduzi ya 1848 yakamkimbiza hadi Uingereza. Mwaka 1857 Manchester ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa, naye akakusanya wapigaji wa kuburudisha watu pale. Maonyesho yalipoisha hakutaka wapigaji wake watawanyike, akaanza matamasha yake mwenyewe tarehe 30 Januari 1858. Msimu ule wa kwanza ulikuwa na matamasha 30. Mwanzoni ulikula hasara, baadaye watu wakaanza kujaa, na hesabu zilipofungwa akaletewa faida yake mkononi: vipande kumi vipya vya peni tatu tatu. Yaani peni moja kwa kila tamasha. Mtu kama mimi ninayehesabu saa za ziada kwa vidole, nikikumbuka zile peni thelathini namwonea huruma, kisha nacheka, kwa sababu aliendelea hivyohivyo hadi alipokufa mwaka 1895.

Mimi niliingia kwenye mambo haya kupitia kazini. Mzee mmoja tuliyekuwa tunamhudumia alikuwa mteja wa Hallé tangu ujana wake, enzi za John Barbirolli, aliyekuwa akiiongoza. Usiku akikosa usingizi alikuwa ananisimulia jinsi Barbirolli alivyokuja mwaka 1943, vita imepamba moto, akakuta wapigaji wamebaki wachache mno, akazunguka kutafuta watu hadi akachukua wanafunzi wa shule, na ndani ya wiki chache orkestra ikasimama. Alisimulia kama vile yeye ndiye aliyekwenda kuwatafuta. Siku moja miguu ilimgomea, na tiketi ilikuwa imeshanunuliwa. Binti yake akanipa mimi. Nilitoka kazini, nikaoga, nikavaa gauni la kanisani, nikapanda tramu.

Walipiga simfoni ya tisa ya Dvořák, ile ya kutoka Ulimwengu Mpya; simfoni ni muziki mrefu wa orkestra wenye sehemu kadhaa. Sehemu ya kwanza ilipita, nikaipenda, basi. Ya pili ikaanza kwa matarumbeta ya sauti nzito, taratibu, pamoja, kama watu wanaofungua mlango wa chumba chenye mgonjwa. Nikashika mkono wa kiti.

Aliyekulia Machame, kule Kilimanjaro, ataelewa. Alfajiri ya Pasaka, giza bado, umande mpaka magotini, kundi la matarumbeta la usharika linapita makaburini kuwapigia waliolala. Baba yangu alikuwa anapiga tromboni. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kushika taa. Baridi ile ya mlimani inafanya shaba iwe kama barafu, kwa hiyo baba alikuwa anauweka mdomo wa tromboni kwapani ili upate joto kabla ya kupuliza. Sauti ya kwanza ya asubuhi ile haitoki safi hata siku moja, inatoka na kikohozi, halafu inajinyoosha. Wamisionari wa Leipzig walifika kwetu mwaka 1893, na mambo ya tarumbeta kanisani ni urithi wa hao Wajerumani. Nilipokuja kusoma kwamba simfoni hii nayo ilipigwa mara ya kwanza mwaka huohuo 1893, kule New York, nikajisemea, kumbe ndugu zangu wametangulia kufahamiana.

Usiku ule nilimpigia baba nikamweleza. Nikamwambia pia jambo nililoambiwa na mama aliyekaa pembeni yangu: mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, katika simfoni nzima ana noti kumi na nne tu, zote ziko kwenye sehemu hiyo ya pili. Anakuja, anakaa, anapiga saba mwanzo, anasubiri, anapiga saba nyingine, amemaliza. Baba akanyamaza kidogo. "Na analipwa?" Nikasema analipwa kama wengine. "Huyo kwetu tungempa na taa ashike."

Tangu hapo nimekuwa mtu wa msimu. Siwezi kununua matamasha yote, kwa hiyo nimejiwekea kanuni. Ya kwanza: kusiwe na zamu ya usiku kabla yake. Hii nimeifunza kwa aibu. Hallé wana matamasha ya Jumatano mchana, saa nane na robo, nikaona hapo ndipo pangu: natoka zamu asubuhi, nalala kidogo, naenda. Sikulala kidogo. Nilipitiliza moja kwa moja na kahawa mbili tumboni, na walipofika kwenye sehemu ya taratibu nilishuka kama jiwe kisimani. Niliamka watu wanapiga makofi, nami nikasimama kupiga yangu kwa nguvu zote, nikidhani tamasha limekwisha. Ilikuwa mapumziko. Mzungu wa jirani, mzee mpole, akaniambia nimepumzika vizuri. Mchana nakwenda bado, lakini baada ya siku ya mapumziko kamili.

Kanuni ya pili ni mahali pa kukaa. Ukumbi wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka 1996, na nyuma ya orkestra kuna viti vya kwaya. Siku ambayo kwaya haiimbi huwa wanaviuza, navyo ndivyo vyangu. Nyuma yako kinanda chenye mirija zaidi ya elfu tano, mbele yako migongo ya wapigaji, na ng'ambo, akikutazama wewe usoni, yupo anayeongoza. Mimi namwita mwalimu, kama tulivyozoea kwenye kwaya. Nikisema kondakta mtu wa nyumbani atadhani anakusanya nauli. Sauti upande ule si sawasawa, shaba, yaani matarumbeta na wenzake, na ngoma zinakupiga kwanza na fidla zinakufikia kwa barua. Lakini unaona kazi. Unamwona mpiga timpani, zile ngoma kubwa za orkestra, anainama hadi sikio linakaribia kugusa ngozi, anaipapasa kwa kidole kimoja, anakanyaga pedali kidogo, anasikiliza tena, wakati wenzake wanapiga muziki mwingine kabisa wa sauti nyingine. Anatafuta noti atakayoihitaji dakika tatu baadaye. Nikiwa kule nyuma ndipo nilipoona pia, kwenye Dvořák yuleyule, pigo moja la matoazi katika sehemu ya mwisho, moja tu simfoni nzima, na wala si la kishindo. Ukikaa mbele litakupita.

Kitu kingine kuhusu ukumbi ule: reli ya tramu inapita jirani kabisa, lakini ndani husikii chochote, kwa sababu jengo zima limewekwa juu ya springi, zaidi ya mia mbili. Nyumba yangu ingepata hata nne, jamani, nisingemsikia jirani wa juu.

Kanuni ya tatu: Kahchun Wong akiongoza muziki wa Mahler, tarehe hiyo naipigania. Ni kijana wa Singapore, ameshika orkestra hii mwaka 2024 baada ya Mark Elder aliyekaa tangu 2000, na jina lake lilianza kuvuma aliposhinda mashindano ya Mahler kule Bamberg mwaka 2016. Mahler anapenda tarumbeta zinazosikika kutoka nje ya ukumbi, nyuma ya milango. Sihitaji kueleza tena habari za makaburi ya Machame.

Sasa Desemba. Hallé hupiga Masiya ya Handel kila Desemba, na hapo mwenzenu siendi kusikiliza, nakwenda kufanya kazi. Nimeimba Haleluya ile tangu nina miaka kumi na tano, sauti ya pili, kwa solfa, yaani zile do, re, mi, kwenye karatasi iliyodurufiwa mpaka herufi zimenenepa. Mwalimu alikuwa anatuimbisha solfa kwanza bila maneno hadi tuijue kama njia ya kisimani, ndipo tunawekewa Kiswahili. Kwa hiyo kwaya ya Hallé inapoimba Kiingereza, mdomo wangu unakwenda Kiswahili, na chini ya Kiswahili kuna do na re. Mwaka juzi sauti ilinitoka. Haikutoka sana, lakini bibi wa mbele aligeuka. Nilidhani ananikaripia. Akasema, "Wewe ni alto," akageuka tena mbele.

Watu huniuliza kwa nini nisijiunge na kwaya yao, maana ni watu wa kawaida, wa kujitolea, wana kazi zao, na kwaya yenyewe ina umri sawa na orkestra. Sababu ni zamu. Na sababu nyingine, ambayo huwa siitaji, ni kwamba mimi nasoma solfa, sisomi nota za mistari. Nikitazama ile mistari mitano naona siafu kwenye kamba ya nguo. Kinachoniuma ni kwamba solfa ilikuzwa na kuenezwa na watu wa hapahapa. Mchungaji Mwingereza, John Curwen, ndiye aliyeisambaza karne ya 19 ili watoto wa shule za Jumapili na wafanyakazi waweze kuimba. Ikasafiri na wamisionari mpaka kwetu, ikakaa. Huku wenyewe wameisahau. Ni kama kumrudishia mtu sufuria yake akakuuliza ni ya nani.

Msimu uliopita nilimchukua shoga yangu wa Mombasa, tunafanya kazi pamoja. Amekulia Mji wa Kale, mjomba wake alikuwa anapiga fidla kwenye taarabu za harusini, kwa hiyo hakuja kama mgeni. Alikuja amejitanda leso, amejifukiza udi, tramu nzima ikanukia. Ilikuwa konseto ya fidla ya Sibelius, ile inayoanza fidla za nyuma zikinong'ona kama mvua ya mbali na yule mpiga pekee anaingia juu yake polepole. Shoga alikaza macho. Baada ya dakika kama tano nikaona anafungua pochi. Nikadhani anatafuta kitambaa. Akatoa noti ya pauni kumi, akaikunja kwa urefu.

"Unafanya nini?"

"Namtunza."

"Huwezi."

"Mbona? Kanitoa machozi."

Nikamshika mkono. Wallahi alikuwa ameshaanza kuinuka, na kutoka viti vya kwaya ili umfikie mpiga fidla itabidi upite katikati ya ngoma. Akakaa, noti mkononi, mpaka mwisho. Wakati wa mapumziko alikuwa bado amekasirika, si kwangu, kwa ukumbi. "Watu elfu mbili wamekaa. Hakuna aliyepiga kigelegele, hakuna aliyekwenda kumwekea hata noti ya paji. Ataendaje nyumbani akijua amependeza?" Nikamwambia wanapiga makofi mwisho. "Mwisho! Mwisho atakuwa ameshasahau ni wapi alipotuua." Kuhusu upigaji alikuwa na neno moja tu: anateleza vizuri, lakini zile sauti zilizojificha katikati ya noti, alizokuwa anazitoa mjomba, hazijui.

Noti ile aliitia kwenye kisanduku cha michango mlangoni. Hakuridhika. Alisema hiyo ni sadaka, si tunzo.

Basi mpango wangu wa msimu huu, kadiri kalamu nyekundu inavyoruhusu, ni matamasha manne. Jumatano moja ya mchana, nikiwa nimelala kwelikweli. Alhamisi mbili za jioni, moja lazima iwe na shaba nyingi. Na Masiya, ambayo mwaka jana niliikosa: mwenzangu aliugua, nikapigiwa simu saa kumi jioni, tiketi ikabaki chini ya sumaku mlangoni pa friji hadi Januari. Safari hii nimeomba mapumziko mapema. Kwenye fomu kuna sehemu ya sababu. Nimeandika "shughuli ya kifamilia", na nimeona si uongo.

Baba nimemwahidi kwamba siku ya shaba nyingi nitampigia wakati wa mapumziko, si baada, ili anieleze nisikilize nini kwenye nusu ya pili. Kijitabu nimemtumia kwa picha za simu, ukurasa kwa ukurasa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mpiga tuba ni yuleyule.

Msimamizi wa ratiba hajajibu bado. Shoga amejibu jana usiku, baada ya kumwandikia kwamba nimemkatia tiketi ya Alhamisi, viti vya kwaya, safu ya mbele. Anauliza kama kutoka hapo mkono unafika kwa mpiga tarumbeta.