Shingo imekaza, nikataka sindano

Nimeamka leo shingo haiendi kulia wala kushoto. Jirani kanisalimia, ikabidi nigeuke mwili mzima kumwitikia.

Bi mkubwa kwenye simu: "Nenda kachomwe sindano mwanangu, vidonge vinachelewa." Nami ndivyo nilivyoamini miaka yote.

Zahanati nikamwambia daktari, "Nichome tu." Akacheka. Akanibonyeza shingo, akauliza kama mikono inakufa ganzi, kama nina homa. Hapana. Akaandika vidonge vya ibuprofen, dawa ya maumivu, miligramu 400, mara tatu kwa siku, baada ya kula.

Nikang'ang'ania. Akasema sindano ya diclofenac ni ndugu wa vidonge hivi. Inawahi kidogo tu, na madhara kwa tumbo hujayakwepa, maana dawa inalifikia kupitia damu.

Sasa aibu yangu: nilikuwa nimeshalegeza mkanda wa suruali! Nikaufunga kimyakimya, nesi akijifanya anasoma ukuta.

Jioni hii nimekula ugali, nimemeza cha pili. Nimegeuka kulia, nimeiona kalenda. Kushoto bado.

Nyie wenzangu, shingo ikikaza mnakimbilia sindano au vidonge? Semeni ukweli 😅