Jioni Ambayo Hakuna Aliyenijibu

Namba ya simu nilipewa na daktari. Alikuwa amenipima presha, amenibonyeza ubavu wa ini, akaniuliza nakunywa kiasi gani kwa siku. Nilipomtajia, nadhani aliizidisha kimoyomoyo. Madaktari wengi hufanya hivyo, na kwa watu kama mimi hawakosei. Nikamwambia kuanzia kesho sigusi tena. Nilitarajia anipongeze. Badala yake aliweka kalamu chini akanionya: mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikata ghafla bila uangalizi anaweza kupata degedege, kuweweseka, hata kufa. Siku za kwanza nikazipitia kwa dawa, chini ya macho yake. Dawa zingeutuliza mwili, alisema. Kwa hayo mengine akaniandikia namba ya AA, yaani Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe.

Karatasi ilikaa mfukoni mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Nilipopiga hatimaye, alipokea mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Nilikuwa nimejiandaa kuhojiwa: jina kamili, kazi, dini. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Unataka kuacha, mwanangu?"

"Nataka."

"Basi hakuna sharti jingine."

Akanieleza kuwa ipo mikutano ya wazi, ambayo yeyote anaweza kuingia akasikiliza, na ipo ya wenye tatizo wenyewe tu. Kiingilio hakuna, fomu hakuna, jina la kwanza linatosha. Nikauliza, je, nikiteleza kabla ya siku yenyewe? "Njoo hivyohivyo. Utakaa, utasikiliza, ila siku hiyo hutazungumza."

Jioni ya mkutano nililizunguka lile jengo kwanza, nikijifanya natafuta mtu. Watu walishaniona nikiyumba barabarani mchana kweupe na sikujali. Sasa naona haya kuonekana naingia mahali pa kuachia pombe! Haya ya mlevi ina mantiki yake.

Ndani kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa duara, na birika la chai. Mzee mmoja, makamo ya baba yangu, aliipokea shikamoo yangu na kunimiminia chai. Kikombe alikijaza nusu tu. Nilidhani ni ubahili, hadi nilipokishika: chai ilicheza ndani ya kikombe lakini haikumwagika. Mzee alikuwa ameshaiona mikono yangu.

"Usione aibu," akasema. "Mmoja wa waanzilishi wetu alikuwa daktari wa upasuaji."

Akanisimulia. Mwaka 1935, mjini Akron, Ohio, Bill, dalali wa hisa kutoka New York ambaye biashara yake ilikuwa imekwama, alihisi baa ya hotelini inamwita. Badala ya kuingia akaanza kupiga simu huku na huko kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na Bob, daktari aliyekubali kumsikiliza kwa robo saa tu. Wakakaa zaidi ya saa sita. Baadaye Bob alirudia kunywa, mara hiyo moja tu. Asubuhi ya tarehe 10 Juni alikuwa na upasuaji, na Bill mwenyewe akampa bia ili mikono itulie. Hiyo ndiyo ikawa pombe yake ya mwisho, na tarehe hiyo ndiyo AA huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Mkutano ukaanza. Zikasomwa hatua 12 za AA za kuachana na pombe, na pale Mungu alipotajwa nikajikunyata kidogo, maana mambo yangu na Mungu hayakuwa mazuri wakati huo. Hakuna aliyenibana. Kisha watu wakaanza kuzungumza, mmoja mmoja. Ya wenzangu siyasemi; yalibaki mle ndani. Nitakalosema ni jinsi walivyosikiliza. Mtu akimaliza, watu walimshukuru, akafuata mwingine. Hakuna aliyeshauri, aliyekosoa, wala aliyesema "mimi ningekuwa wewe". Ndio utaratibu wao.

Hilo lilinishangaza kuliko chochote. Kwa miaka kila nililosema kuhusu pombe lilijibiwa: mke wangu kwa machozi, kaka zangu kwa mahubiri, marafiki wa baa kwa kuniagizia nyingine. Nami nilishakuwa hodari wa kujibu majibu yao. Ugomvi ulinifaa, kwa sababu ulinipa kisingizio cha kutoka. Zamu yangu ilipofika nilisema nilivyokuwa naficha chupa ndani ya tangi la choo, na nilivyokuwa naamka kabla ya wengine ili nizimue. Nikasubiri. "Asante," wakasema. Sikuwa na wa kubishana naye, na kwa mara ya kwanza nikabaki nikisikiliza nilichosema.

Kikapu cha mchango kilipita. Mzee akanigusa goti, mgeni halazimiki kutoa. Mwishoni akaniandikia namba yake. "Piga kabla ya glasi ya kwanza. Ukipiga baada ya hapo sitakufukuza, ila tutakuwa na kazi kubwa zaidi. Na wiki ijayo uwahi, kuna viti vya kupanga."

Nyumbani mke wangu alikuwa macho. "Wamekwambia nini?"

"Hawajaniambia kitu."

Alinitazama kwa muda, akitafuta harufu nadhani. Kisha akauliza kama na wao, wanaoishi na sisi, wana mkutano wao. Nilikuwa nimeona tangazo lake ukutani: Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, na Lois, mke wa yule Bill, akiwa mmoja wa waanzilishi. Hukutana chumba cha pili, saa ileile.

"Sitaki kukaa chumba kimoja na wewe hata hivyo," akasema, akaenda kutafuta kalamu.