Nilivyotafuta Ajira Ndani ya Takwimu za Ukuaji

Nilipopewa jukumu la kuandika sura ya ajira katika ripoti ya tathmini ya uchumi, nilidhani wiki mbili zingetosha. Takwimu za ukuaji wa Pato la Taifa zilikuwapo, matokeo ya tafiti za nguvukazi yalikuwapo, na nilichoona kimebaki ni kueleza tu kwamba uchumi unapokua, ajira nazo huongezeka. Rasimu yangu ya kwanza ilirudia hoja hiyo kwa kurasa kumi na mbili. Mkuu wangu wa kitengo aliirudisha ikiwa na swali moja pembeni: "Uchumi umekuzwa na nani, na aliyepata kazi ni nani?"

Sikuwa na jibu. Ilinibidi nivunje takwimu za Pato la Taifa sekta kwa sekta na kuziweka kando ya idadi ya watu wanaofanya kazi katika kila sekta. Madini, umeme na mawasiliano ndivyo vilivyovuta ukuaji kwa kasi, lakini ni shughuli zinazotaka mtaji mkubwa na watu wachache. Kilimo, kilichobeba sehemu kubwa ya nguvukazi, kilikuwa kikijikongoja.

Kisha nikakokotoa mnyumbuko wa ajira, yaani kiasi ambacho ajira huongezeka pato linapoongezeka kwa asilimia 1. Kwa mfano, pato likikua kwa asilimia 6 na wenye kazi wakiongezeka kwa asilimia 2, mnyumbuko ni takriban 0.33. Kwa siku kadhaa niliamini kwamba namba hiyo kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo hali inavyokuwa njema, mpaka nilipoona kwamba kilimo, sekta iliyokuwa dhaifu kuliko zote, ndicho kilichokuwa na mnyumbuko ulioikaribia 1. Maana yake ni kwamba pato na watu vilikua kwa mwendo uleule, kwa hiyo tija, yaani pato analozalisha kila mmoja, haikusogea. Watu walikuwa wakibanana kwenye ardhi ileile. Hapo nikamkumbuka mwanauchumi Arthur Lewis, ambaye chuoni nilimsoma kwa ajili ya mtihani tu. Katika makala yake ya mwaka 1954 alieleza kwamba uchumi hubadilika pale wafanyakazi wanapohama kutoka shughuli zenye tija ndogo kwenda kwenye zile zinazowekeza tena faida yake. Nikaanza kufuatilia kuhama huko, badala ya kuhesabu vichwa.

Kiwango cha ukosefu wa ajira nacho kilinisumbua, kwa sababu kilikuwa kidogo mno kwa nchi yenye umaskini wa namna ile. Kwa vigezo vya kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa saa 1 tu katika wiki ya utafiti anahesabiwa kuwa ana ajira, na asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi, anaitafuta na yuko tayari kuianza. Mahali pasipo na posho ya wasio na kazi, maskini hawezi kukaa bure akisubiri. Atashika kibarua chochote kinachopatikana, na papo hapo anatoka kwenye orodha. Kiwango hicho nikakiondoa kichwani mwa sura, nikaweka uwiano wa wanaolipwa mshahara, wanaojiajiri na wanaosaidia familia bila malipo, pamoja na saa wanazofanya kazi.

Kosa kubwa zaidi niliponea chupuchupu. Utafiti mmoja ulionyesha ajira zimeshuka ghafla kuliko ule uliotangulia, nami nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba ajira zimeporomoka, nikitafuta sababu katika ukame na bei za mazao. Ni dodoso lililobadilika. Mkutano wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi uliofanyika Geneva mwaka 2013 ulikubaliana kwamba anayezalisha hasa kwa matumizi ya kaya yake anafanya kazi, lakini hahesabiwi kuwa katika ajira. Wakulima wengi wadogo walikuwa wametoka kwenye hesabu huku jembe wanalo mkononi! Niliomba takwimu ghafi za tafiti zote mbili na kuzikokotoa upya kwa fasili ya zamani, kazi iliyonichukua wiki tatu, nyingi zikiisha katika kulinganisha maswali ya madodoso neno kwa neno. Anguko karibu lote likatoweka.

Sura iliyopokelewa mwishowe ilikuwa na kurasa saba. Sentensi ya kwamba ukuaji huleta ajira haikuwamo. Mahali pake palikuwa na jedwali la sekta lenye pato, watu na tija, na chini yake maelezo ya mistari minne kuhusu fasili iliyotumika. Mkuu wangu aliirudisha tena, safari hii akiomba tu maelezo hayo yapandishwe juu ya jedwali.