Chemba ikifurika, nani atoe hela?

Sisi wa Upanga tuna bahati ambayo sehemu kubwa ya Dar es Salaam haina: majitaka yetu yanaingia kwenye mtandao wa mamlaka ya maji, hatuiti gari la kunyonya. Sasa mtu akiona bili yake ina kipengele cha majitaka, anadhani kila bomba ni la mamlaka. Si hivyo. Ya kwao ni laini ya mtaani. Kutoka chooni kwako, chemba zote za uani, mpaka bomba lako linapoungana na lao, ni mali yako na gharama ni yako.

Kwetu kuna mkorogo zaidi. Nyumba ni ya urithi, mimi na dada zangu tumepangisha, na bomba letu linapita uani kwa jirani ndipo lifike barabarani. Likiziba kwake, yanafurika kwetu. Mzee wa watu alikuwa akisema, “Mwanangu, majitaka ni yenu, mtajijua.” Hatimaye tuliketi, mjumbe akiwepo, tukaandikishana: kuanzia chemba mabomba yetu yanapokutana, tunachangia nusu kwa nusu. Kabla ya kufika hapo, kila mtu na lake. Karatasi ile imetuondolea ugomvi mwingi kuliko fundi yeyote.

Fundi naye alipozibua bomba alitoa mafuta ya kupikia yaliyoganda, pedi, na mizizi ya mkungu. Mabomba ya zamani ya udongo yakilegea kwenye maungio, mizizi hufuata unyevu na kuingia. Ukiikata tu, itarudi. Tulibadilisha kipande kile kwa plastiki ya inchi 4, mteremko sentimita 2.5 kwa kila mita. Bomba likilala, maji hupita, kinyesi kinabaki.

Wapangaji? Mizizi na bomba bovu ni juu ya mwenye nyumba. Pedi na mafuta vingekuwa juu yao, lakini utajuaje ni vya nani? Mimi natenga hela kwenye kodi, chemba zinafunuliwa na kukaguliwa kabla ya masika. Nilichopiga marufuku ni kufunua chemba mvua ikinyesha ili maji ya uani yaingie humo. Yanaingia na mchanga wote.

Na mfuniko wa chuma ukiibiwa, weka wa zege. Wezi wa chuma chakavu hawana haja nao.